UZI: Kumuaga afisa wa jeshi aliyefia kazini: wasifu, bendera, ibada na familia

Gwaride

Wakuu salaam. Uzi huu ni wa wale wanaoangukiwa na kazi ya kupanga maziko ya afisa aliyefia kazini: kamati, msemaji wa familia, kiongozi wa dini, na yule ndugu anayeambiwa "wewe unajua kuandika, tuandikie wasifu".

Msiba wa namna hii una wenyewe watatu: jeshi, familia na nyumba ya ibada. Kila mmoja ana utaratibu wake uliokamilika, na kila mmoja hudhani wale wawili wengine wanaujua. Aibu nyingi za siku ya maziko hutokea kwenye makabidhiano: mwili unapotoka mikononi mwa askari kuingia kwenye ibada, bendera inapoondolewa juu ya jeneza, kipaza sauti kinapotoka kwa kamanda kwenda kwa familia. Kwa hiyo orodha ya wageni wa heshima ingoje. Anzeni na ratiba ya makabidhiano.

Karatasi moja, safu nne: saa, tukio, nani anatoa amri, nani anapokea. Ile safu ya mwisho ndiyo husahaulika. Mtaandika "mwili kuwasili kanisani" bila kuandika nani anaupokea mlangoni, kisha askari wanane wanasimama juani na jeneza begani wakati padri bado anavaa.

Halafu saa zenyewe. Jeshi likiandika 0900 linamaanisha saa tatu asubuhi. Shangazi akiiona kwenye ratiba anasoma saa tisa alasiri, na anafika watu wameshazika. Ratiba ya ndugu iandikwe kwa maneno, "saa tatu kamili asubuhi". Ya kikosi ibaki ya kikosi, ila zote mbili zitoke kwa mtu mmoja.

Wanaokubaliana juu ya karatasi hiyo ni watatu tu: afisa aliyeteuliwa na kikosi kushughulikia msiba, msemaji mmoja wa familia na kiongozi wa ibada. Kikao cha watu kumi na wawili huzaa ratiba mbili.

Karibuni wenye ujuzi wa kila eneo.

KalamuYaMsiba

Nachukua wasifu.

Urefu kwanza. Kiswahili kina maneno marefu, na msibani watu husoma polepole. Kadirieni maneno 100 kwa dakika. Dakika saba ni maneno 700, na hizo zinamtosha hata jenerali. Wasifu wa maneno 2000 unachukua dakika ishirini, na kuanzia ya kumi watu wanaangalia simu.

Chapisheni kwa maandishi makubwa, ukubwa wa 16 au zaidi, upande mmoja wa karatasi, na theluthi ya chini iachwe wazi ili msomaji asiinamishe kichwa sauti ikaingia kifuani. Kila ukurasa uishe na sentensi kamili. Muwe na nakala mbili na msomaji wa akiba aliyekwisha kuusoma kwa sauti. Wa kwanza akishindwa, wa pili anaendelea kutoka mstari ule ule, bila kurudi mwanzo na bila maelezo.

Makosa yanayojirudia:

Tarehe ya kujiunga na jeshi na tarehe ya kutunukiwa kamisheni ni vitu viwili. Mwanafunzi afisa huanza mafunzo, kisha baada ya miezi au miaka anapewa kamisheni na kuwa Luteni Usu. Familia hukumbuka siku aliyoondoka nyumbani, jalada la jeshi lina zote mbili. Ziandikwe zote.

Cheo. Tumieni cheo alichokuwa nacho alipofariki. Kama amepandishwa baada ya kifo, semeni hivyo waziwazi, na msikirudishe nyuma kwenye picha na matukio ya zamani. "Meja fulani alihitimu kidato cha sita" ni kichekesho, wakati ule hakuwa hata askari. Na kukaimu nafasi hakumpi mtu cheo cha nafasi hiyo.

Nishani zifuate mpangilio wa jeshi, wala si ule wa picha iliyopo ukutani. Ombeni orodha rasmi. Picha inaweza kuwa ya kabla ya nishani ya mwisho.

Halafu yasiyosemwa: eneo kamili la kikosi, majina ya wenzake ambao bado wako kwenye operesheni, namna shambulio lilivyotokea kama uchunguzi haujafungwa. Rasimu ifike kwa afisa habari wa kikosi angalau saa 24 kabla. Ikipelekwa asubuhi ya maziko, mtarudishiwa karatasi iliyokatwakatwa kalamu nyekundu na hakuna muda wa kuiandika upya.

Mtambuzi

Naomba nigusie sentensi moja iliyomo karibu kwenye kila wasifu wa afisa: "Marehemu alijua kusawazisha kazi, familia na ibada." Ikibaki peke yake haimwambii mtu kitu, na mke aliyelea watoto peke yake miezi tisa ya operesheni anaisikia kama dhihaka.

Afisa hagawi siku yake mafungu matatu yanayolingana. Jeshi huchukua kwanza, linachukua kingi, na linachukua bila kuuliza. Kinachostahili kuelezwa ni jinsi alivyokuwa anaziba pengo. Ukihoji watu kwa ajili ya wasifu, usiulize "alikuwa baba wa namna gani?" Utajibiwa "baba bora" na mahojiano yameishia hapo. Uliza hivi: "Alipokuwa hayupo, ni jambo gani halikusimama, na lilikuwa linaendeshwaje?" Hapo ndipo utasikia habari ya simu iliyopigwa siku maalumu za wiki, ada iliyolipwa kabla ya kusafiri, barua zilizoachwa kwa jirani, ibada ya kambini aliyoiongoza yeye padri asipofika, mwezi wa kufunga alioulipa baada ya mazoezi kwa kuwa safarini alikuwa na ruhusa ya kula.

Uliza watu wanne wa pande tofauti: mwenzi, mmoja wa watoto kama anataka, askari aliyekuwa chini yake, na mtu wa jamaa yake ya ibada. Yule wa chini yake ni muhimu kuliko mkubwa wake. Mkubwa anajua ripoti, na wa chini anajua kama afisa alikula baada ya askari wake au kabla.

Kisha weka mambo matatu tu, moja kwa kila upande, kila moja sentensi tatu au nne, lenye tendo na mahali. Mengine yote yaende kwenye kitabu cha kumbukumbu.

Gwaride

Nakazia hapo kwa Mtambuzi. Na kama kulikuwa na upande uliolegea, uacheni kimya. Msiusifie. Watu waliokaa naye wapo pale wanasikiliza.

KasisiKambini

Upande wa Kikristo, nianze na mlangoni.

Katika utaratibu wa Kikatoliki bendera ya taifa na alama za vyama huondolewa kwenye jeneza mlangoni mwa kanisa, na hurudishwa jeneza likishatoka. Ndani, jeneza linaweza kufunikwa kitambaa cheupe cha ubatizo. Kamanda asiyeambiwa mapema huona ametukanwa. Ambieni kikosi siku mbili kabla, ili askari wafanye mazoezi ya kuikunja na kuitandaza tena: inachukua dakika kadhaa kila upande na lazima iwe kwenye ratiba. Madhehebu mengine huiacha bendera juu, kwa hiyo ulizeni kanisa husika. Msikisie.

Mahubiri ya misa ya mazishi si wasifu. Kwa Wakatoliki mhubiri hafanyi sifa za marehemu badala ya kuhubiri. Ndugu au rafiki anaweza kusema maneno machache ya kumbukumbu kabla ya sala ya mwisho ya kumkabidhi marehemu kwa Mungu. "Machache" maana yake dakika tatu hadi tano. Wasifu mrefu, salamu za jeshi na za serikali zisomwe nje ya misa, ama nyumbani ama uwanjani kabla ya kwenda kaburini.

Jeneza hubebwa miguu ikitangulia. Kwa muumini wa kawaida hubaki hivyo mbele ya altare, miguu kuelekea altare. Lakini marehemu akiwa ni padri wa jeshi, ambaye naye ni afisa mwenye cheo, huwekwa kichwa kuelekea altare, kwa hiyo wabebaji wanageuza. Kugeuza jeneza zito kwenye njia nyembamba ya kanisa bila mazoezi ni hatari. Pimeni upana wa njia kwanza.

Wabebaji hushika kofia zao au huziacha nje kwa amri moja. Silaha za kikosi cha fataki za heshima hubaki nje, zikiwa na mlinzi.

BiSanda

Kwa Waislamu jambo la kwanza ni muda. Maiti haicheleweshwi kungojea wageni wa heshima. Jeshi likiomba siku tatu za maandalizi, familia ina haki ya kusema hapana, na majeshi mengi yana utaratibu mfupi wa kufanya heshima ndani ya saa chache. Mazishi ya haraka hayapunguzi cheo. Hata nje ya Uislamu mfano upo: Jenerali Francis Ogolla, Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi ya Kenya na Mkristo, alifariki kwa ajali ya helikopta tarehe 18 Aprili 2024, akazikwa Siaya tarehe 21 Aprili, bila jeneza, kama alivyokuwa ameagiza mwenyewe. Heshima za kijeshi alipewa, mizinga 19 ikapigwa. Wosia wa afisa hauvunji gwaride, gwaride ndilo linalojipanga kuufuata.

La pili ni kuosha. Aliyeuawa vitani, fiqhi, yaani sheria za ibada za Kiislamu, humhesabu shahidi wa uwanja wa vita: haoshwi, huzikwa na nguo zake, huvuliwa silaha na vitu vya chuma na ngozi. Kumswalia kuna khitilafu: kwa madhehebu ya Shafii na Maliki haswaliwi, kwa Hanafi huswaliwa. Lakini aliyekufa kwa ajali ya gari, ugonjwa au mazoezini huoshwa, hukafiniwa na huswaliwa kama maiti yoyote, hata kama watu wanamwita shahidi kwa heshima. Uamuzi huu ni wa shehe pamoja na familia. Mshereheshaji asiutangaze kwa kipaza sauti kabla haujatolewa. Na hospitali ya jeshi iambiwe mapema, kwa sababu ikishamwosha na kumvalisha sare mpya mambo yameshaharibika.

La tatu, wabebaji na viatu. Askari hawaingii msikitini na buti. Njia nyepesi ni mbili: swala ya maiti iswaliwe uwanjani, au askari wakabidhi jeneza mlangoni kwa waumini na kulipokea tena baada ya swala. Swala yenyewe ni takbiri nne, haina rukuu wala sijida, ni ya dakika chache, kwa hiyo kikosi kisitawanyike.

Bendera hutandazwa juu ya jeneza njiani na huondolewa kabla ya swala au, kwa kuchelewa kabisa, kando ya kaburi. Haishuki na mwili. Mwili hutolewa kwenye jeneza, hulazwa ubavu wa kulia kuelekea kibla ndani ya mwanandani, yaani nafasi inayochimbwa ndani ya kaburi. Wanaoshuka kaburini ni ndugu. Askari anayetaka kushuka avue kofia, mkanda na kila kinachoweza kuanguka. Picha kubwa ya marehemu mbele ya jeneza, tarumbeta na risasi: familia nyingi hazitaki. Semeni mapema, kwa maandishi, kipi kifanyike na kipi kisifanyike.

Gwaride

Asante Bi. Sasa ya kwangu: wabebaji, risasi na tarumbeta.

Wabebaji ni sita au wanane, walingane kimo. Mmoja akizidi kwa nusu kichwa, uzito mwingi unamwangukia yeye. Fanyeni mazoezi na jeneza lenye uzito halisi. Mifuko ya mchanga inatosha. Mwili uliorudishwa kutoka nje ya nchi huweza kuja ndani ya jeneza lililovalishwa zinki na kuzibwa, na hilo ni zito kupita mazoea. Hapo wanane, na siyo sita.

Kofia, mkanda, nishani kwenye mto mdogo, na upanga pale jeshi linapoutumia, vinawekwa juu ya bendera. Visipofungwa vitateleza kwenye ngazi ya kwanza. Mpira mwembamba wa kuvutika au pini zilizofichwa hufanya kazi hiyo. Maua hayakai juu ya bendera.

Mikupuo mitatu ya bunduki si mizinga. Watu huchanganya: askari saba wakipiga mara tatu, mtu anahesabu risasi 21 anasema "mizinga ishirini na moja". Mizinga hupigwa na silaha kubwa, na idadi hutegemea cheo. 21 ni ya mkuu wa nchi. Mikupuo mitatu ni desturi ya zamani ya vita: pande mbili zilisimamisha mapigano kuondoa maiti, na mikupuo hiyo ilitangaza kwamba kazi imekwisha.

Risasi ni baridi, yaani zina baruti bila kichwa cha risasi, lakini mtu aliye karibu na mdomo wa bunduki huumia hata hivyo. Bunduki ya kujikoki yenyewe, ikipigwa risasi baridi bila kifaa cha kuziba mdomo, haijikoki. Kila askari lazima akoki kwa mkono kati ya mikupuo. Hapo ndipo mikupuo hupishana na kusikika kama mahindi kwenye kikaango. Dawa ni mazoezi kwa risasi zenyewe, maana amri tupu hazitoshi. Mshereheshaji awatahadharishe watu kabla ya mkupuo wa kwanza: watoto wa marehemu, wazee, na askari waliotoka vitani hushtuka vibaya.

Tarumbeta: majeshi ya Jumuiya ya Madola hupiga Last Post, kisha kimya cha dakika moja au mbili, kisha wito wa kuamka. Marekani hupiga Taps, noti 24. Mpigaji asisimamishwe muda mrefu bila kupasha midomo. Kwenye maziko ya Rais Kennedy mwaka 1963, mpigaji aliyekuwa amesimama kwenye baridi kwa saa kadhaa alikwaruza noti ya sita, na dunia nzima ikasikia. Mwekeni mahali pa kivuli au joto, karibu, ajitokeze dakika chache kabla.

Mpita_Njia

Swali wakuu. Kama mwili umeharibika, mlipuko au helikopta, kuaga kunafanyikaje? Ndugu wengi hung'ang'ania kuona.

KasisiKambini

Jeneza linafungwa na halifunguliwi. Kinachohitajika ni familia kuambiwa hivyo faraghani, siku iliyotangulia, na mtu mwenye mamlaka: daktari wa jeshi pamoja na kiongozi wa dini. Kinachovunja watu ni kugundua uwanjani. Kama utambuzi ulifanywa kwa vinasaba au meno, waelezwe ulivyofanywa, kwa sababu swali wanalobaki nalo usiku ni "tuna hakika ni yeye?" Daktari akiruhusu, mmoja wa familia anaweza kuonyeshwa sehemu salama, mkono kwa mfano. Asishawishiwe kukubali wala kukataa.

Siku yenyewe watu hupita mbele ya jeneza lenye picha na kofia, safu mbili, upande wa kulia na wa kushoto. Safu moja kwa watu 600 wakitumia sekunde tano kila mmoja ni dakika 50. Safu mbili ni 25.

Mpita_Njia

Na bendera? Mke yupo, mama mzazi yupo, na kuna watoto wa ndoa ya kwanza.

Gwaride

Bendera hupewa aliyeandikwa kwenye fomu za jeshi kama ndugu wa karibu. Familia haipigi kura. Fomu inaweza kuwa ya zamani, kwa hiyo afisa mshughulikiaji aikague siku ya kwanza na amwambie kila mhusika mapema, mmoja mmoja. Baadhi ya majeshi, Marekani likiwemo, hutoa bendera ya pili kwa wazazi. Ombeni kama utaratibu wenu unaruhusu. Isipowezekana, gawanyeni: bendera kwa mke, kofia au mkanda kwa mama, nishani kwa mtoto mkubwa, lakini kwa maandishi na kwa kukubaliana, kabla ya siku.

Anayekabidhi aseme maneno mafupi yaliyopangwa, ainame kidogo alingane na aliyeketi, atoe bendera kwa mikono miwili, arudi hatua, apige saluti. Mpiga picha asiingie katikati yao. Hili mumwambie mpiga picha kwa jina lake kabisa.

KalamuYaMsiba

Naongezea mtandaoni. Tanzia isitoke hadi wazazi, mwenzi na watoto wakubwa wawe wameambiwa ana kwa ana. Msitumie picha za operesheni zenye magari, ramani au nyuso za wenzake. Msiweke ramani ya nyumbani kwa marehemu kwenye tangazo la wazi. Itumwe kwa ujumbe kwa wanaohusika. Na tarehe ya kuzaliwa kamili pamoja na namba ya jeshi kwenye bango moja ni zawadi kwa matapeli, ambao huanza kuchangisha kwa jina lake kesho yake. Namba ya michango iwe moja, na itangazwe na msemaji peke yake.

Mtambuzi

Watoto wasilazimishwe kusoma. Mtoto anayetaka apewe aya moja, maneno 60 hadi 80, na mtu mzima asimame kando yake akiwa na nakala. Anayebadili mawazo dakika ya mwisho asomewe na huyo mtu mzima, au karatasi ibaki mfukoni. Mshereheshaji asimbembeleze.

Lile lililokatwa kwenye wasifu lisipotee. Ndani ya siku 30, msemaji aandikie wenzake, askari wake na jamaa wa ibada, kila mmoja alete ukurasa mmoja: tarehe, mahali, alichokifanya marehemu, alichosema. Sifa za jumla zirudishwe kwa mwandishi aongeze tukio. Baada ya siku 30 watu wamehamishwa vituo na majibu hukauka. Zipigwe chapa nakala moja kwa kila mtoto na moja kwa wazazi, barua za mkono zihifadhiwe kama zilivyo, kwenye bahasha ya karatasi, maana plastiki huotesha ukungu. Afisa habari wa kikosi azipitie hizi pia kabla hazijafungwa kitabu.

BiSanda

Na madeni, wakuu. Kabla ya kuzika, msemaji atangaze nani wa kuonana naye mwenye kudai au kudaiwa. Afisa huwa na mikopo ya kikosini na amana za watu ambazo nyumbani hawazijui. Mhasibu wa kikosi atoe orodha wiki ile ile, kabla mafao hayajaanza kugawanywa.